Tusiuachie Mtihani Vitabu Vyetu

Mama mmoja wa Nakuru aliniandikia wiki iliyopita. Binti yake yuko Kidato cha Nne, na kila anapomkuta na kitabu cha fasihi mkononi, akichungulia anaona si kitabu chenyewe bali ni mwongozo wake. Wahusika wameshachambuliwa, maudhui yamepangwa kwa nambari, dondoo zimejibiwa na alama zimewekwa pembeni. Tamthilia yenyewe imelala chini ya begi, haijafunguliwa. "Dadangu," akaandika, "wewe husema mnasoma na binti yako na mnafurahia. Mnafanyaje? Wangu nikimhimiza ananiuliza hiyo itaulizwa kwenye karatasi gani."

Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu nilikuwa na mteja mbele yangu. Jibu lenyewe ni refu, na wazazi wenye swali lake ni wengi, kwa hivyo nimeona niliandike lote hapa.

Kwa wale wageni kwangu: mimi ni fundi wa nguo, na kibanda changu kiko Kondele, Kisumu. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Majirani huniita Nyar Webuye, maana nilizaliwa Webuye nikaolewa huku. Nilikulia karibu na kile kiwanda cha karatasi kilichofunguliwa 1974, na walioishi pale wanajua harufu yake ilivyokuwa ikikupokea kabla hujaufikia mji, na jinsi moshi wake ulivyokula mabati ya nyumba zetu mpaka yakawa mekundu. Malori ya magogo yalipita mchana na usiku. Nilijua tangu mdogo kwamba daftari huanzia msituni. Lakini katika nyumba yetu, pamoja na karatasi zote zile zilizotengenezwa karibu nasi, hapakuwa na riwaya hata moja. Kiwanda kilifungwa 2009, na mimi nilikuwa nimeshaondoka na mkasi wangu.

Riwaya za kwanza kuzishika zilikuwa za shule, vitabu teule, yaani vile vinavyotahiniwa. Nilizipenda mno. Nilikuwa nikizisoma kabla ya mwalimu kuzianza, kisha nikazisoma tena, na ndipo masomo yenyewe yakaanza na furaha ikapungua. Kila aliyesoma sekondari Kenya anazijua sentensi hizi: "Weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama nne." "Taja tamathali ya usemi iliyotumika. Alama mbili." Mhusika uliyemlilia usiku unaamka asubuhi kumkata vipande: sifa zake tano, umuhimu wake, uhusiano wake na wahusika wengine. Nilifanya yote hayo na nikapata alama nzuri, tena za juu darasani. Karo ya kuendelea haikupatikana, nikajifunza kushona. Sina kinyongo na hilo. Mikono yangu imewavisha watoto wengi wa mji huu.

Kinachoniuma ni kingine. Miaka michache iliyopita mteja mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua nguo akaona riwaya ya Kiswahili juu ya meza ya kukatia. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akacheka, akasema, "Fundi, hiki si cha shule? Unarudia Kidato cha Nne?" Aliondoka na suti yake, na kazi ilikuwa safi. Lakini maneno yake yalibaki kibandani. Kwa sababu ndani yake kulikuwa na jambo ambalo wengi wetu tunaliamini bila kulisema: kwamba hadithi nzuri kabisa zilizoandikwa na watu wetu ni za watoto wa shule, na mtihani ukiisha zimeisha kazi.

Sasa nieleze tulivyoanza na binti yangu.

Ilikuwa Januari, na Januari mnaijua. Mzazi anakuja leo jioni anataka sketi ya marinda, shati mbili na sweta kesho alfajiri, na nyuma yake wako wengine. Binti yangu mkubwa anasoma shule ya kutwa, kwa hivyo jioni hupitia kibandani tukafunga pamoja. Alikuwa amepewa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege aisome, na alikuwa akilalamika kwamba hana wakati kwa sababu anatakiwa kunisaidia kupiga vifungo. Nikamwambia aache vifungo. Akae kwenye kile kiti cha wateja anisomee kwa sauti, mimi niendelee kushona. Stima zilikuwa zimepotea, nilikuwa kwenye cherehani ya miguu, taa ya kuchaji ikamulika kitabu na nguo kwa pamoja.

Alianza kwa ile sauti ya darasani, isiyopanda wala kushuka. Nikamwambia, "Huyo Yona alikuwa mwalimu na amekunywa pombe. Hawezi kuongea hivyo." Akajaribu tena. Kisha akampa Sara sauti ya mtu mgonjwa, akampa Neema sauti ya shangazi yake anayeishi Nairobi, na nikajua tumefika. Tamthilia imeandikwa isemwe. Ukiisoma kwa macho tu huku unatafuta tashbihi, umeinyima koo.

Wasiokijua kitabu hicho: Sara anaumwa, na ugonjwa wake unaifumbua ndoa yao yote. Walichelewa kupata watoto, watu wakasema. Walipowapata wakawa wasichana, watu wakazidi kusema. Yona akashindwa kuyabeba maneno hayo akaingia kwenye chupa. Na yule binti waliyekuwa wakimsema kwamba si mtoto wa kutegemewa, Neema, ndiye anayehangaika mjini na gharama za matibabu ya mamake, huku mumewe Bunju akizihesabu pesa zake.

Nilisimamisha cherehani. Mimi nina mabinti watatu. Sina mvulana. Na kwenye matanga ya jamaa mmoja, mtu wa upande wa mume wangu alisema mbele ya watu waliokuwa wakila, tena kwa sauti ya kutosha, kwamba ndugu yao anajenga nyumba ya kuwaachia wakwe. Mume wangu alikuwepo. Alinyamaza. Nami nilinyamaza, nikaosha vyombo, nikarudi mjini, na kwa miaka sikuwahi kulitaja neno hilo nyumbani kwangu.

Binti yangu aliponiona nimesimama akauliza kama uzi umekatika. Kisha akanitazama vizuri, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, na wewe walikuambia hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Nikamsimulia yote, pale pale, na nguo za watu zikiwa mapajani. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Basi mimi ni Neema." Akaendelea kusoma.

Wazazi wenzangu, niambieni ni swali gani la mtihani lingeweza kutufikisha hapo. Nimekuwa na mtoto huyu tangu alipozaliwa, na jambo lile nisingelijua namna ya kulianza. Tamthilia ndiyo iliyonianzia. Baadaye mwalimu wake aliwapa insha kuhusu nafasi ya mtoto wa kike katika tamthilia hiyo, na insha ya binti yangu ndiyo aliyoisoma mbele ya darasa. Najivuna, sifichi. Hakuchungulia mwongozo hata mara moja. Aliandika kitu alichokiona.

Tangu hapo hatujaacha. Na kwa vile tulikuwa tukisoma kwa sauti, watu wakaanza kusimama. Mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mkabala na kibanda changu alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Huyu hakumaliza shule ya msingi. Kiswahili anakijua cha sokoni, Kiingereza hapana, na akili yake ingeweza kuwa ya hakimu. Ndiye aliyenifanya nirudi kwenye The River and the Source ya Margaret Ogola.

Kitabu kile kiliandikwa kwa Kiingereza, kikachapishwa 1994, na mwaka uliofuata kikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta na ile ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, upande wa Afrika. Vizazi vya wanafunzi wamekifanyia mtihani. Sisi tulikisoma hivi: binti yangu anasoma ukurasa kwa Kiingereza, mimi nausimulia kwa Kiswahili, na mama wa omena akiona nimepotoka kwenye jambo la mila ananirudisha kwa Dholuo, kisha tunakubaliana. Kurasa chache jioni moja, hakuna haraka.

Tulipofika kwa Akoko, binti wa mtemi wa Yimbo, mama wa omena aliacha kupepeta. Yeye ni mzaliwa wa Usenge, huko huko Yimbo. "Huyo ni wa kwetu," akasema, na kuanzia hapo kitabu kikawa chake. Ng'ombe thelathini za mahari hazikumshangaza hata kidogo. Alichokitaka ni kujua kama Owuor Kembo angeoa mke wa pili kama mamake alivyomshinikiza. Alipogundua kwamba mwanamume yule alikataa, kwamba alimtaka Akoko peke yake na akasimama hapo mbele ya ukoo mzima, alipiga makofi, na wateja wake wakageuka.

Kisha Akoko anabaki mjane, shemeji yake anakalia kiti cha utemi na mali isiyo yake, naye hakai kulia. Anafunga safari kuja Kisumu kutafuta haki kwa serikali ya wakoloni. Kisumu hii. Nilipokuwa nikisoma mstari huo Webuye, Kisumu lilikuwa jina tu kwenye ukurasa. Sasa naishi hapa, najua ufuo, najua upepo unaotoka ziwani mchana, najua reli iliyofika hapa 1901 mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence. Tukakaa jioni nzima tukibishana angeshukia wapi kama angekuja kwa mtumbwi, angelala kwa nani, angewaeleza vipi watu wasiojua lugha yake. Mama wa omena alitupa jina la kila ufuo kutoka Usenge mpaka hapa, kwa mpangilio, bila kusita. Hiyo ndiyo elimu, na hakuna mwongozo ulionayo.

Tulipomfikia Nyabera, binti yake Akoko, ambaye pia anafiwa na mume na mwishowe anaondoka kwenda misheni kutafuta maisha mengine, yule mama alinyamaza siku nzima. Kesho yake akatueleza yake. Sitaiandika hapa kwa sababu ni yake. Nitasema tu kwamba alifiwa akiwa kijana sana, na kwamba kulikuwa na wazee waliokuwa wamemwamulia mtu wa kumrithi, na kwamba soko la Kibuye hapa Kisumu ndiko alikokimbilia akiwa na beseni moja na mkopo wa rafiki. Miaka yote tumekaa tukitazamana, mimi na cherehani yangu, yeye na omena wake, tukisalimiana na kuombana chenji. Sikujua.

Nimtaje kidogo Margaret Ogola mwenyewe, maana wako wanaoniambia kwamba kusoma ni kwa watu wasio na kazi. Alikuwa daktari wa watoto. Aliongoza kituo cha watoto yatima wenye virusi vya UKIMWI jijini Nairobi. Alikuwa na familia. Na katikati ya hayo yote akaandika vizazi vinne vya wanawake kutoka Yimbo mpaka Nairobi. Alifariki 2011. Kabla yake alikuwepo Grace Ogot, muuguzi na mkunga, aliyetoa riwaya yake ya kwanza 1966. Wote wawili ni watu wa Nyanza hii, na wote wawili mikono yao ilishika wagonjwa kabla ya kushika kalamu. Ile hadithi fupi ya Grace Ogot kuhusu Oganda, binti wa mtemi anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, aliipata kwa bibi yake. Nilipoanza kuisimulia kibandani sikufika mbali. Mama wa omena alinipokonya akaitoa mwenyewe, alivyoisikia kwa nyanyake, na yake ina nyimbo.

Filamu nazo hatuzibagui. Jumapili moja shemeji yangu alituazima kompyuta yake tukatazama Supa Modo, ile ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ni ya msichana mdogo, Jo, ambaye anaugua ugonjwa usiopona. Mamake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitalini amlete nyumbani akae naye siku zilizobaki. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dadake anaanza kumfanya aamini kwamba anazo nguvu hizo. Mwisho kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu, yeye akiwa shujaa.

Wale watoto wa mtaa waliojazana mlangoni walicheka sana nusu ya kwanza. Nusu ya pili hakuna aliyecheka. Mume wangu aliinuka akasema anaenda kuangalia pikipiki, akakaa nje mpaka ikaisha. Na baada ya hapo ukazuka ubishi ambao umeendelea mpaka leo. Mama wa omena anashikilia kwamba kumdanganya mtoto anayekufa ni dhambi hata ukimdanganya kwa upendo, na kwamba mamake Jo alikuwa na haki ya kukataa. Binti yangu anasema Jo alikuwa akijua tangu mwanzo, na kwamba ni Jo ndiye aliyekuwa akiwapa watu wazima kitu cha kufanya. Mimi nimekaa upande wa binti yangu. Nimekaa na watu wanaouguza. Wanachokosa zaidi ni kazi ya mikono. Kile kijiji kilipata kazi. Walishona mavazi, walijifunza kushika kamera, wakagombana nani awe jambazi. Namfikiria mamake Jo kila ninaposikia mtu akisema "hakuna la kufanya tena".

Hapa kuna jambo nataka wazazi mlione. Watoto wa Kondele ambao ukiwapa kitabu wanasinzia, hao hao watakaa saa mbili wakimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili chake, na kesho wakupe hadithi yote, sauti, mapigano na vicheko. Nilipokuwa mdogo Webuye tulikuwa tukilipa sarafu chache kuingia kwenye kibanda cha video, na waliokosa pesa walisimuliwa njiani. Watoto wetu hawana tatizo la kupenda hadithi, wala la kumbukumbu. Wanaijua njia ya hadithi, ambayo ni mdomo na sikio. Sisi ndio tuliowatenganisha vitabu na njia hiyo, tukawapa kalamu ya kupigia mstari.

Kwa hivyo, dada yangu wa Nakuru, nakuambia: mwongozo uweke kando mpaka kitabu kiishe. Sikusemi wewe kwa kuununua, kila duka la vitabu linauza. Lakini mwongozo ni nguo iliyopimwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Utamtosha mwanao siku ya mtihani, pengine, na siku inayofuata atauvua. Mwambie akusomee kwa sauti. Wewe fanya kazi yako, chambua mboga, piga pasi, ila sikiliza. Usimuulize maudhui. Usimuulize sifa za mhusika. Muulize, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kisha mjibu nawe ungefanyaje, kwa ukweli, hata kama ukweli huo unamfunulia kitu usichopenda kukifunua. Akikosea kusoma neno mwache, arudi mwenyewe. Na msome kwa sauti, narudia, kwa sababu sauti ndiyo inayomvuta jirani, na jirani ndiye atakayekifanya kitabu kikae mtaani.

Utaniambia wewe huna muda. Hakuna mwenye muda. Mimi nina oda za shule nzima. Muda hautafutwi, mikono ikiwa na kazi, masikio yako yana nafasi.

Utaniambia pia kwamba Kiingereza chako si kizuri. Anza na Kiswahili. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona, na safari hiyo inamleta mpaka Kitale. Kitale! Kutoka kwetu Webuye ni matatu moja tu, unapita Misikhu, unapita Kiminini, umefika. Shuleni tuliulizwa kuhusu mbinu ya safari. Hakuna aliyetuuliza ni nini kinachomfanya kijana avuke mpaka na nchi nzima kumfuata mtu aliyemwacha. Darasa letu lilikuwa na watoto wangapi ambao baba zao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi na hawakurudi? Walikuwa wamekaa mle, wakiandika "alama nne". Nilimsomea mpwa wangu sura za mwanzo za kitabu hicho likizo iliyopita. Babake aliondoka akiwa mchanga. Alichukua kitabu akaenda nacho nyumbani, na hajakirudisha, na sikidai.

Walibora alituacha 2020. Kitabu chake kinasimama palepale. Lakini kinasimama wapi? Kwenye kabati za shule, na kwenye turubai za wauza vitabu vya mitumba.

Na hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, wa mwisho ni 2027. Mtaala wa 8-4-4 unaondoka, na orodha yake ya vitabu itaondoka nao. Kama sababu pekee ya kumsoma Akoko, au Kongowea, au Sara, ilikuwa ni karatasi ya tatu, ile ya fasihi, basi karatasi ya tatu ikiondoka watasomwa na nani? Tumezoea kuwalaumu waandishi kwamba hawaandiki, na wachapishaji kwamba hawachapishi riwaya ila za shule. Mchapishaji anachapisha kinachonunuliwa. Sisi watu wazima tumenunua nini? Tunachanga harusi, tunachanga matanga, tunanunua salio la simu kila asubuhi, na kitabu tunakinunua pale tu mwalimu anapoandika barua. Halafu tunasema watoto wa siku hizi hawasomi. Wametuona lini tukisoma? Mtoto hawezi kupenda kitu ambacho mamake anakiita "cha shule".

Nawaomba wazazi wa watahiniwa. Novemba, mtihani ukiisha, msiwaache wavichane vitabu hivyo wala kuviuza kwa bei ya kutupa. Mwambieni avilete nyumbani. Na wewe usiye na mtoto shuleni, wakati huo huo ndio vitakavyojaa kwenye turubai za mitumba, vikiwa na majina ya watu na michoro pembeni. Nunua. Michoro haizuii kusoma. Kimoja nilichonacho kina jibu la dondoo limeandikwa kwa wino mwekundu ukurasa mzima, na chini yake, kwa penseli, mwanafunzi ameandika, "Lakini mbona hakumwambia?" Huyo ndiye msomaji ninayemtafuta.

Kwa sasa tuko kwenye Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mangwasha, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya chifu, ameshaanza kuona mambo ambayo angetakiwa ayafumbie macho, na nchi ya Mtemi Lesulia imegawanyika kwa makabila namna ambayo watu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa. Mama wa omena anasema mwanamke yule aache kazi leo. Binti yangu anasema abaki humo humo ofisini, maana ndimo siri zilimo. Fundi wa viatu wa jirani, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusogeza kiti, anataka turudie sura ya kwanza kwa sababu hakuwepo. Tutairudia.